Mbaraka Mwinshehe: Kipaji kilichonolewa uzi kwa uzi

JIONI inapoingia Msasani na upepo wa bahari kuanza kupoza mapaa ya mabati, si ajabu kulisikia gita likijaribiwa barazani. Kijana ameketi juu ya kigoda, simu ameiegemeza kwenye ndoo mbele yake, naye anafuata somo la mwalimu aliye ng'ambo: kidole cha kwanza hapa, cha tatu pale, panda hadi juu, shuka hadi chini, kisha rudia.

Majirani huvumilia. Hakuna wimbo unaosikika humo, ila sauti saba zinazopanda na kushuka, mithili ya mtu anayepanda ngazi kutwa bila kuingia chumba chochote. Mzee akipita na kumwomba ampigie walau kipande cha Mbaraka, kijana hukwama. Ngazi anaijua, nyumba haijui.

Kukwama huko ndiko kunakotufanya tumrejee hayati Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mpiga gita na mwimbaji ambaye wapenzi wa muziki wa dansi walimpachika jina la Soloist National. Tangu afariki dunia mwaka 1979 umepita muda mrefu kuliko ule alioishi, lakini gita lake bado linasikika katika vipindi vya zilipendwa, katika daladala na katika kumbi ambamo bendi hupiga nyimbo za wakongwe.

Wengi tumezoea kumaliza mjadala juu yake kwa neno moja tu: kipaji. Wapo hata waliokuwa wakinong'ona, kama ilivyo desturi yetu kwa kila mtu anayetuzidi, kwamba mkono ule haukuwa mtupu. Maneno ya namna hiyo humtukuza marehemu, lakini pia humnyang'anya kitu. Humnyang'anya kazi aliyoifanya.

Mtoto wa mji wa dansi

Mbaraka alizaliwa Juni 27, 1944, na jina lake halitenganishwi na Morogoro, mji ulio kilomita zipatazo 190 magharibi ya Dar es Salaam, chini ya milima ya Uluguru. Waliouita mji huo mji kasoro bahari hawakukosea. Reli ya kati ilipita hapo, barabara za kwenda Dodoma na Iringa ziliachana hapo, na mashamba ya mkonge yaliyouzunguka yaliwaleta watu wa makabila mengi, kila mmoja na ngoma yake, wakitafuta pa kujiburudisha baada ya kazi.

Katika mji kama huo, dansi halikuwa jambo la pembeni. Morogoro Jazz ilikuwapo tangu miaka ya 1940. Upande wa pili alikuwapo Salum Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1928, ambaye katika miaka ya 1950 aliiongoza Cuban Marimba hadi ikajulikana Afrika Mashariki nzima. Mji mdogo ulikuwa na bendi mbili kubwa, na ushindani wake haukuwa mwepesi kuliko ule wa timu za mpira.

Jina lenyewe la Cuban Marimba linaeleza muziki huo ulitoka wapi. Kuanzia mwaka 1933, santuri zilizopewa herufi za GV zilianza kuuzwa katika Afrika zikiwa na nyimbo za Kuba. Vijana wa Morogoro, kama wenzao wa Leopoldville, wa Tanga na wa Dar es Salaam, walizizungusha mpaka zikachakaa, wakazishika nyimbo hizo bila kujua Kihispania.

Ndani ya santuri hizo mlikuwa na somo kubwa kwa mpiga gita. Wimbo wa Kikuba wa aina ile huanza kwa utulivu, mwimbaji akisimulia kisa chake. Kisha hufika mahali ambapo kisa kinaisha, sauti mbili tatu zinaanza kuzunguka bila kukoma, na mpiga ala mmoja anapewa nafasi ya kusema atakalo.

Wakongo wakaichukua nafasi hiyo wakaikabidhi kwa gita la umeme. Franco wa OK Jazz na Nicolas Kasanda, yule aliyejulikana kwa jina la Dokta Nico, wakaifanya kuwa ndiyo kilele cha wimbo. Huku kwetu wapenzi wa dansi wakaiita chemko. Hapo ndipo wimbo unapochemka, na hapo ndipo mpiga solo hupimwa.

Akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, katikati ya miaka ya 1960, Mbaraka aliingia Morogoro Jazz. Mwaka 1965 Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari, na mji ukabaki na pengo. Juma Kilaza akaiendeleza Cuban Marimba kwa ustadi mkubwa. Lakini upande wa Morogoro Jazz kulikuwa na kijana aliyeimba na kupiga gita la solo kwa pamoja, na muda haukupita masikio ya watu yakaanza kugeukia huko.

Shule isiyo na kitabu

Msomaji wa leo anapaswa kukumbuka mazingira ya wakati ule. Hapakuwa na simu ya kukupa somo ukiwa barazani. Vitabu vya kufundishia gita havikuwa vitu vya kupatikana katika duka la mtaani, na wapigaji wengi wa dansi hawakuwa wakisoma muziki ulioandikwa kwa nota. Aliyetaka kujua alisikiliza santuri, akatazama mkono wa aliyemtangulia, akarudi kujaribu.

Hata gita lenyewe mara nyingi halikuwa lake. Vyombo vilikuwa mali ya bendi, na aliyehama bendi aliviacha. Kwa hiyo saa za mazoezi zilikuwa saa za klabu, mbele ya wenzako, na aliyepewa gita hakuwa na nafasi ya kulichezea ovyo.

Ilikuwa shule ngumu, lakini ilikuwa na faida moja ambayo kijana wa barazani Msasani hana. Mwanafunzi hakujifunza sauti zikiwa peke yake. Alizijifunza zikiwa ndani ya wimbo, besi likinguruma upande mmoja na gita la ridhim likikwangua upande mwingine.

Tuitazame basi shingo ya gita, maana siri iko hapo. Gita lina nyuzi sita, na shingo yake imekatwa na vipande vyembamba vya chuma ambavyo wapigaji huviita freti. Ugumu wa chombo hiki kwa anayeanza ni kwamba sauti moja ile ile hupatikana mahali pengi. Sauti ya uzi wa kwanza ukiachwa wazi utaikuta pia katika freti ya tano ya uzi wa pili, katika freti ya tisa ya uzi wa tatu, na katika freti ya kumi na nne ya uzi wa nne.

Katika kinanda kila sauti ina kitufe chake kimoja. Katika gita kila sauti ina nyumba kadhaa, na mgeni hupotea njia.

Ndiyo maana wapigaji hujifunza kwa mahali. Mkono ukitulia sehemu moja ya shingo, vidole vinne hufunika freti nne, na kwa kunyoosha kidole kimoja hufika tano. Ndani ya eneo hilo dogo, kwenye nyuzi zote sita, zimo sauti zote saba za skeli, kuanzia do hadi ti, tena zaidi ya mara mbili. Hakuna haja ya kukimbia.

Mahali pa namna hiyo panahesabiwa kuwa patano, kutoka kichwa cha shingo hadi freti ya kumi na mbili, ambako kila kitu huanza upya kwa sauti ya juu zaidi. Anayeyajua matano hayo ameijua shingo nzima. Anayejua moja tu kwa ukamilifu naye anaweza kupiga dansi usiku kucha bila kujirudia kwa namna ya kuchosha.

Funzo la likembe

Hapa kuna jambo la kufikirisha. Mmoja wa mitindo iliyoipatia Morogoro Jazz umaarufu uliitwa Likembe. Likembe ni ala ya Wakongo, jamaa ya ile marimba ya mkono ambayo ndugu zetu Wagogo wamekuwa mabingwa wake. Ni kisanduku cha mbao chenye vipande vya chuma vilivyopangwa juu yake, na mpigaji huvibonyeza kwa vidole gumba.

Mpiga likembe hana pa kukimbilia. Vyuma vyake vinahesabika, vyote viko chini ya vidole vyake, na kila kimoja kina mahali pake pasipobadilika. Lakini msikilize mpigaji hodari kwa saa nzima, hutachoka. Atarudia kifungu kile kile mara nne, mara ya tano atabadilisha sauti ya mwisho, mara ya sita atachelewesha ya kwanza, na msikilizaji atahisi kama amefungua mlango mwingine.

Mahali pamoja pa shingo ya gita ni likembe tosha. Aliyepazoea hatafuti tena sauti, kwa kuwa zote ziko chini ya vidole vyake. Akili yake inabaki huru kufikiri juu ya jambo jingine: niseme nini, na ninyamaze wapi.

Uhuru wa namna hii ndio tunaousikia kwa Mbaraka. Solo lake halina papara. Hushika kifungu kifupi, hukirudia mpaka mchezaji akizoee miguuni, kisha hukigeuza kidogo tu. Mara huzipiga sauti mbili kwa pamoja, do na mi, re na fa, zikitembea sambamba kama watu wawili walioshikana mikono. Akitaka kupandisha joto huhamia mahali pa juu zaidi shingoni na kusema lile lile kwa sauti nyembamba. Anapohama, hakuna anayesikia akihangaika njiani.

Kuna na sababu nyingine iliyomsaidia. Mbaraka alikuwa mwimbaji wa nyimbo zake mwenyewe. Mdomo na mkono vilikuwa vya mtu mmoja, na kwa hiyo gita lake lilijifunza kupumua. Mwimbaji hawezi kuimba sauti mia bila kuvuta pumzi. Wapigaji wengi wasioimba husahau jambo hilo, wakajaza kila nafasi. Katika nyimbo za Mbaraka sauti hutangulia na gita huitikia, kama mazungumzo ya watu wenye adabu ambao kila mmoja humngoja mwenzake amalize.

Kukaa na kuhama

Lakini kujua mahali pa sauti hakutoshi. Kama kungetosha, kijana wetu wa Msasani angekuwa ameshafika.

Skeli humwambia mpigaji ni sauti zipi zinazoruhusiwa. Haimwambii ni ipi ya kupumzikia. Muziki wa dansi hupenda kuzunguka katika makao matatu. Kwenye makao ya do hukaa do, mi na so. Kwenye makao ya fa hukaa fa, la na do. Kwenye makao ya so hukaa so, ti na re. Gita la ridhim ndilo linalotangaza tumefika makao gani, na mpiga solo hodari hutua juu ya sauti ya makao hayo kwa wakati wake.

Sauti iliyokuwa tamu dakika hii huweza kuwa chungu dakika ijayo. Ti ni ya nyumbani wakati makao ni so. Makao yakihamia fa, ti hiyo hiyo ikikawia hulia kwa ukali. Si kosa kuigusa, mradi uipite. Wapigaji wa zamani waliyajua haya kwa masikio, baada ya kuumbuka mara nyingi mbele ya wenzao.

Anayetaka kutoka kwenye ngazi aingie nyumbani anaweza basi kuifuata njia hii. Achague mahali pamoja pa shingo, asihame kwa wiki nzima. Ajue ndani yake zimejificha wapi sauti za makao matatu. Atafute mwenzake wa kumpigia ridhim, au aurekodi mzunguko huo mwenyewe. Kisha atunge kifungu cha sauti nne tu, akiimbe kwa mdomo kwanza, ndipo akipige. Akirudie. Abadilishe sauti moja. Anyamaze. Aanze tena.

Ukitazama vizuri utaona kwamba njia hii haimhitaji mtu awe mwepesi wa vidole. Inamhitaji awe msikivu na mvumilivu.

Tena inahitaji wenzake. Ipo dhana kwamba solo ni jambo la mtu mmoja kujionyesha. Katika dansi letu sivyo. Mpiga solo huwa huru kwa sababu wenzake wamekubali kufungwa. Besi halihami, ridhim hairuki, gita la pili linarudia kifungu chake kwa dakika kumi bila kulalamika. Wao ndio sakafu. Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano zilikuwa na sakafu imara, na jina moja tu ndilo lililobebwa na sifa.

Saa za usiku

Mazoezi makubwa kuliko yote yalikuwa kazi yenyewe. Bendi za miaka ile zilipiga usiku wa kuamkia sikukuu, usiku wa Jumamosi, na mchana wa mwisho wa wiki katika yale madansi ya vijana yaliyoitwa bugi. Wimbo haukuisha kwa sababu dakika tatu zimetimia. Uliisha wachezaji walipochoka, na kama hawakuchoka, chemko liliendelea.

Fikiria basi mpiga solo aliyesimama mbele ya ukumbi uliojaa, amekwisha kupiga vifungu vyote alivyovijua, na watu bado wanacheza. Hapo ndipo ubunifu unapozaliwa. Mkono unaojua njia zake hupata jambo jipya la kusema. Mkono usiozijua huanza kurudia, na ukumbi huhisi hata kama hauwezi kueleza.

Kurekodi nako kulikuwa mtihani wa aina yake. Katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam bendi nzima ilipiga kwa pamoja. Hapakuwa na utaratibu wa leo wa kila mtu kuja siku yake, akipiga sehemu yake, na fundi kuziunganisha. Mpiga solo akikosea, makosa hayo yalikuwa ya bendi yote, na wote walirudia tangu mwanzo.

Santuri nazo zilikuwa na masharti yake. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza, na bendi zetu zilitegemea kampuni za Nairobi. Mara nyingi wimbo uligawanywa pande mbili za santuri ndogo, kisa upande mmoja na chemko upande wa pili. Solo lililozoea kutanda usiku kucha lilipaswa kusema yote katika dakika chache. Mpigaji asiyejua aanzie wapi alimaliza santuri kabla hajaanza.

Kutoka Morogoro hadi Osaka

Sifa za kijana huyo hazikubaki chini ya Uluguru. Mwaka 1970 Mbaraka na wenzake walikwenda Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70 mjini Osaka, wakiiwakilisha Tanzania. Maonyesho hayo yalitembelewa na watu zaidi ya milioni 64 katika muda wa miezi sita. Safari hiyo nayo ilizaa wimbo.

Mbaraka hakuwa mtu wa kuimba mapenzi peke yake. Aliimba misiba ya taifa, kama pale alipomwimbia Dokta Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa aliyeuawa siku ya Krismasi mwaka 1971. Aliimba maisha ya mtaani na hali ya mnyonge. Nyimbo kama Shida, Jogoo la Shamba na Mtaa wa Saba zimebaki vinywani mwa watu ambao hawakuwa wamezaliwa alipozirekodi.

Mwaka 1973 aliachana na Morogoro Jazz akaunda bendi yake, Super Volcano. Kwa mwanamuziki wa wakati ule huo haukuwa uamuzi mdogo. Kuondoka kwenye bendi kubwa kulimaanisha kuacha jina, kuacha vyombo na kuacha wapigaji waliokuzoea. Alichoondoka nacho kwa hakika ni kile kilichokuwa mikononi na kichwani mwake.

Kikamtosha. Super Volcano ikashika kasi, na mtindo wake wa Masika ukaenea. Wasikilizaji wake wa Kenya wakawa wengi mno, na santuri zake zikauzwa huko kama za mwenyeji.

Kisha siasa zikaingilia. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka kati ya Tanzania na Kenya ukafungwa. Ulikaa umefungwa hadi mwaka 1983. Kwa wanamuziki wetu lilikuwa pigo la moja kwa moja, maana santuri zilichapishwa upande ule na wasikilizaji walikuwa pande zote mbili.

Mbaraka alikuwa Kenya mwaka 1979 ulipoanza. Mwezi Januari, katika eneo la Mombasa, gari alilokuwamo lilipata ajali. Hakupona. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Ni umri ambao wapigaji wengi ndiyo kwanza hutulia. Tangu aingie Morogoro Jazz hadi siku hiyo ilikuwa imepita miaka 14 hivi tu. Mji wa Morogoro, uliompoteza Salum Abdallah barabarani, ukampoteza na huyu kwa njia ile ile.

Alichokiacha

Baada ya kifo chake, kampuni ya Polygram ya Kenya ilizikusanya nyimbo zake katika mfululizo ulioitwa Ukumbusho, na kwa mfululizo huo vizazi vilivyofuata vikamjua. Kanda nyingi za bendi za enzi zile zilibaki katika maktaba ya Radio Tanzania, ambayo sasa iko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Ni hazina ya taifa.

Lakini Mbaraka hakuacha kitabu cha kufundishia. Kizazi chake kizima hakikuacha. Elimu ile ilikaa vidoleni mwa watu, ikapokewa kwa kutazamana jukwaani, na kila mpigaji aliyekufa aliondoka na sehemu yake. Bendi zilipopungua na muziki wa kompyuta ulipoingia, jukwaa lililokuwa darasa likapungua pia. Kijana wa leo anaweza kumpata mwalimu wa Marekani au wa Brazili kwa sekunde moja, na asimpate mtu mtaani kwake wa kumwonyesha jinsi chemko la Morogoro lilivyopigwa.

Ndiyo maana ni hatari kusema kwamba kilikuwa kipaji tu. Kipaji hakirithishwi, aliyenacho hufa nacho, nasi tukabaki kusifu. Ujuzi hurithishwa. Tukikubali kwamba mkono ule ulijua njia zake kwa sababu ulizipita mara maelfu, basi njia hizo bado zipo, na mwingine anaweza kuzipita.

Darasa lenyewe liko ndani ya nyimbo. Chukua wimbo mmoja wa Mbaraka. Usikilize kwa siku tatu bila kugusa gita. Siku ya nne imba solo lake kwa mdomo, kifungu kwa kifungu, mpaka uliweze. Kisha tafuta ni mahali gani pa shingo ambapo vifungu vyote vinapatikana bila mkono kukimbia. Utashangaa jinsi eneo lilivyo dogo. Utakapolipata, utakuwa umeketi, kwa dakika chache, alipokuwa ameketi yeye.

Kule Msasani giza limeshaingia, na kijana bado yuko barazani. Sauti saba zinapanda, sauti saba zinashuka. Asiziache, maana bila hizo hatafika popote. Ila usiku mmoja aizime simu, achague nne tu kati ya hizo saba, aziimbe kwanza kwa mdomo, ndipo azipige.

Mzee akipita tena, huenda safari hii akasimama.